Tone Lililokataa Kulala Kwenye Kabichi

Nyinyi mono wa kidato cha kwanza, pampu ni yenu sasa. Mimi nimestaafu. Cheti cha kuzaliwa kinasema nina miaka kumi na minane, lakini mgongo wangu una sitini, kwa sababu lita kumi na tano za maji na dawa zikikukalia mgongoni miaka mitatu haziondoki zikakuacha ulivyokuwa. Mwalimu Ndeti ameniambia niwaandikie ukurasa mmoja wa kutunza pampu ya kunyunyizia dawa, bila mzaha. Nilijaribu bila mzaha. Ukurasa ulibaki mtupu. Kwa hivyo nimeandika hivi, na kama atausoma kabla yenu, shikamoo Mwalimu.

Kwanza mjue hakuna mtu amewahi kuomba hii kazi. Mimi niliipata kama adhabu. Nilikuwa kidato cha pili, pampu ilikuwa mpya, haijaonja dawa hata siku moja. Nikaijaza maji matupu, nikajificha nyuma ya bwalo, nikawanyunyizia maprifekti wakiwa kwenye foleni ya chakula, mahindi ya muthokoi, huku nikiita, "Mvua! Mvua imefika Kabati!" Ilikuwa mwezi wa tisa. Nyinyi wa huku mnajua mwezi wa tisa ulivyo mkavu. Prifekti mmoja alifumba macho, akainua mikono, akasema haleluya. Mpaka leo hajanisamehe, na nadhani si kwa sababu ya maji.

Mwalimu Ndeti, ambaye ni wa kilimo, hakunichapa. Alinivalisha pampu mgongoni, akakaza mikanda, akasema, "Kioko, umeipenda. Sasa itakupenda pia."

Sasa sikilizeni, kwa sababu maneno ya kazi yanaanza.

Pampu ni tangi tu. Mkono wa kusukuma ni mkono tu. Kazi yote iko kwenye nozeli, kile kikofia kidogo cha shaba mwishoni mwa fimbo, chenye tundu ambalo hata sindano ya kushonea sare inaingia kwa kubembelezwa. Hapo ndipo maji yanakatwa kuwa matone. Nozeli ikiwa nzima, unaona ukungu mwembamba kama pumzi ya ng'ombe asubuhi ya baridi. Ukungu huo ukigusa jani, unakaa. Nozeli ikiharibika, hutoi ukungu tena. Unatoa mawe ya maji.

Mimi niliiharibu. Nawaambia mapema ili msisome mkitafuta mwizi.

Maji yetu ya shamba tunayachota kwenye mto wa mchanga, mnajua, unachimba shimo unangoja yajikusanye. Hata ukichuja kwa kitambaa, punje moja ya mchanga itapita na kuziba nozeli. Ilinizibia katikati ya mstari, jua kali, siku ya michezo, nikisikia wenzangu wakishangilia uwanjani. Na huku kwetu mtu akizibiwa na kitu anafanya nini? Anavunja mwiba. Mwiba wa mgunga ndio sindano yetu, ndio pini yetu, ndio kijiti cha meno na cha kutolea mwiba mwingine mguuni. Nilivunja mmoja mrefu, mweupe, nikauchomeka kwenye tundu, nikauzungusha vizuri kabisa kama fundi. Punje ikatoka. Na shaba kidogo ikatoka nayo, lakini hiyo sikuiona.

Kuanzia siku hiyo, kazi ilikuwa tamu. Pampu iliyokuwa ikichukua nusu saa kwisha sasa ilikwisha kwa dakika kumi. Nilikuwa namaliza shamba kabla ya chai. Wenzangu waliniita Basi la Haraka. Nilivimba kichwa. Hakuna aliyejiuliza kwa nini dawa inatoka mbio hivyo, na mimi ndiye wa kwanza kutojiuliza.

Sasa ili muelewe ubaya wa jambo hili, kumbukeni mradi wa kidato cha nne. Kila mwanafunzi wa kilimo anapewa kitalu chake kando ya mto, na mwaka wetu zao lilikuwa kabichi. Alama za kitalu zinaingia kwenye mtihani wa taifa. Mkaguzi wa mtihani anakuja mwenyewe, anapita kitalu kwa kitalu, anasoma kadi yako iliyobandikwa ukutani kwenye stoo, ambako Mwalimu anaandika kila ulichofanya na kila ulichokosea. Kwa wino. Kadi haina kifutio.

Kupima dawa ilikuwa kazi ya Mutheu. Huyo tulikaa deski moja. Ni msichana anayepiga mstari chini ya tarehe kwa rula, hata kwenye karatasi ya kufanyia hesabu za ovyo. Alitaka kwenda chuo cha kilimo tangu darasa la tano, na alikuwa ametuambia hivyo mara nyingi mpaka tukawa tunamwita Bi Shamba. Yeye anapima, mimi nanyunyizia. Hivyo tu.

Viwavi walipoanza kutoboa kabichi, tulinyunyizia. Wakazidi. Tukanyunyizia tena. Wakanenepa. Asubuhi moja Mwalimu Ndeti alisimama kwenye kitalu cha Mutheu, akafunua jani lililotobolewa kama chekeche, akamtazama.

"Mutheu, dawa unapima na nini?"

"Na kifuniko chake, Mwalimu. Kama ilivyoandikwa."

"Kimejaa?"

"Kimejaa, Mwalimu."

"Basi hawa wadudu wameokoka? Wanakula sumu na haiwadhuru?"

Darasa likacheka. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote. Mwalimu akaenda stoo, akaandika kwenye kadi ya Mutheu: *Uzembe katika kupima dawa. Mimea imeharibika.* Wino mwekundu. Mkaguzi alikuwa anakuja baada ya wiki tatu. Mutheu hakulia. Alichukua chupa ya dawa na kifuniko, akakaa kwenye jiwe, akaanza kupima maji matupu, kifuniko baada ya kifuniko, kana kwamba mkono wake umemdanganya na anataka kuukamata.

Hiyo picha ilinifuata mpaka jikoni.

Nilikuwa jikoni kwa adhabu nyingine, msiniulize. Mpishi wetu mnamjua, Mwaitu Kamene, mwaitu ni mama kwa Kikamba, yule anayeita shule nzima "watoto wangu" na bado anapima maharagwe kana kwamba ni dhahabu. Jumapili hiyo alikuwa anapika chapati za walimu na mimi naosha sahani zao. Kila mara kabla ya kutandika chapati, alichovya vidole kwenye maji akarusha matone kwenye chuma.

"Mwaitu, unakibatiza?"

"Nyamaza uone. Tone likilala likalia *tssss*, chuma bado. Likikataa kulala, likakimbia hivi kama shanga, chuma kimeiva."

Akarusha tena. Kweli, matone yalikimbia huku na huku yakiwa mviringo, hayashiki chuma hata kidogo. Nikacheka. Halafu nikatazama sahani mkononi mwangu. Ilikuwa na mafuta ya nyama, na maji niliyomwagia yamejikusanya vilevile, mviringo, yanabiringika kutoka ukingo mpaka ukingo bila kulowesha.

"Na hii? Sahani haina moto."

"Hiyo ni mafuta. Maji na mafuta hawasalimiani. Tia sabuni uone."

Nikatia povu kidogo kwa kidole. Lile tone lilianguka chini kama mtu aliyekatwa miguu. Likatandaa. Sahani nzima ikalowa. Nilisimama pale nimeshika sahani mpaka Mwaitu Kamene akanipiga mgongoni na mwiko.

"Wewe! Umeona malaika?"

"Nimeona kabichi, Mwaitu."

Nilikimbia mtoni na bua la majani makavu, mswaki wangu na ile nozeli mfukoni. Nililala kifudifudi kando ya kitalu changu, nikanyonya maji kwa bua, nikadondosha tone moja kwenye jani. Mono, siku moja fanyeni hivyo, ni bora kuliko sinema. Jani la kabichi lina nta, ule unga wa kijivu unaofutika ukipitisha kidole. Tone kubwa likianguka, kwanza linapasuka bapa kama chapati. Unafikiri limekaa. Halafu linajikunja, linarudi kuwa duara, linaruka, linabiringika mpaka kwenye mshipa wa jani na kushuka mchangani. Limebeba dawa yote. Jani linabaki kavu kama mdomo wangu mbele ya Mwalimu wa hesabu. Nilijaribu kutoka juu: linapasuka vipande na vyote vinaruka. Nilijaribu kutoka chini karibu: linabiringika polepole tu, lakini bado linaondoka. Kisha nikachovya mswaki na kurusha matone madogo kabisa, yale ya ukungu. Hayo yalishika. Yalibaki pale yanang'aa, hayana nguvu ya kuruka.

Hapo nikatoa nozeli mfukoni, nikaitazama kwenye jua. Tundu lilikuwa kubwa, la upande, kama mdomo wa mtu anayepiga miayo.

"Kioko, umekufa?" Mutheu alikuwa amesimama juu yangu na ndoo.

"Nafanya utafiti."

"Wa kulala?"

Ningeweza kusema mzaha. Nilikuwa nao tayari, mzuri. Niliumeza.

"Mutheu, dawa yako ilikuwa sawa siku zote. Ni mimi. Nilichokoa nozeli na mwiba. Matone yamekuwa makubwa, yanadunda kwenye kabichi yanaanguka chini. Tumekuwa tukinyunyizia mchanga dawa."

Aliweka ndoo chini. Alichukua nozeli, akaitazama, akaitazama tena.

"Tangu lini?"

"Siku ya michezo."

"Siku ya michezo!" Aligeuka kama anaondoka, akarudi. "Nimepima maji kwa kifuniko mara mia, Kioko. Nikafikiri mimi ndiye nimeharibika kichwa. Na wewe ulikuwa unacheka."

"Nilikuwa nacheka."

"Twende kwa Mwalimu."

"Twende kesho?"

"Beba hiyo nozeli."

Mwalimu Ndeti alisikiliza akiwa amesimama mlangoni mwa stoo. Nilipomaliza, aliinua nozeli juu akaichungulia kwa jicho moja.

"Hapa panya anapita akiwa amebeba mkoba," alisema. "Na ulinyamaza kwa nini?"

"Watu walikuwa wananisifu, Mwalimu. Nilikuwa namaliza haraka."

Hakucheka. Mutheu akamwuliza kama atakata yale maneno kwenye kadi yake. Mwalimu akasema, "Nikiyakata leo na kabichi zife kesho, mkaguzi ataniuliza nilikata kwa sababu gani. Nitamwambia Kioko alinipa hadithi? Nionyesheni dawa ikikaa kwenye jani, na viwavi wakianguka. Mna siku kumi na mbili."

Siku kumi na mbili, mono. Nilijiambia sitalala vizuri mpaka tone lilale.

Nozeli mpya nilianza kuitafuta Kitui mjini. Mwenye duka akaniambia nozeli inakuja na pampu nzima, kama vile masikio yanakuja na kichwa. Nikamwandikia mama yangu kule nyumbani Kalamba, kwa sababu zamani alilima pamba na nilijua pampu yake ya zamani bado inaning'inia darini. Baada ya siku tano nikaitwa stendi ya Kabati. Kondakta akanipa kifundo cha leso. Ndani kulikuwa na nozeli ya shaba na barua ya mistari mitatu: *Hii ndiyo ya pili. Ile ya kwanza uliichokoa na mwiba ukiwa darasa la sita. Nilijua.*

Nilisoma hiyo barua nimesimama. Miaka yote hiyo hakusema neno. Na mimi nilikuwa nimesahau kabisa! Mtu anaweza kufanya ujinga uleule mara mbili na mara ya pili akajiona mgunduzi.

Zilibaki siku saba. Nikafunga nozeli ya mama. Ukungu ukatoka, mzuri, lakini majani yetu yalikuwa yamekomaa, nta tele, na upepo wa huku mnaujua. Nusu ya ukungu ilishika, nusu ikajikusanya ikabiringika. Nikasema, sabuni. Nikakwangua sabuni ya mche, nikaitia kwenye maji. Siku hiyo mto ulikuwa umekauka kabisa, kwa hivyo tulitumia maji ya kisima cha shule, yale ya chumvi. Nani kati yenu amewahi kufua na hayo maji? Povu linakataa. Sabuni iliganda vipande vyeupe kama maziwa ya mala, ikashuka kwenye fimbo, na nozeli ya mama yangu ikaziba. *Pwaa.* Kimya.

Kando yangu kulikuwa na mgunga. Mwiba mmoja ulikuwa umenielekea, mrefu, mweupe. Nawaambia ukweli, mkono wangu uliinuka wenyewe. Mutheu alinitazama tu mkono.

Niliurudisha. Nikafungua nozeli, nikailoweka kwenye maji safi kutoka chupa yake ya kunywa, nikang'oa unywele mmoja wa mswaki wangu, nikasukuma kutoka nyuma, polepole, kama unamtoa mdudu sikioni mwa mtoto. Ilichukua muda wa kipindi kizima. Ulikatika, nikang'oa mwingine. Mwishowe mswaki ulikuwa na upara, na tundu lilikuwa safi na duara kama lilivyotoka Kalamba. Nilipiga mswaki kwa kidole mpaka tukafunga shule. Na msithubutu kupuliza nozeli kwa mdomo, hata siku moja. Ni sumu hiyo, si filimbi.

Ilibaki maji. Maji laini yako mahali pamoja tu, tangi la mvua la jikoni, na ufunguo wa tangi uko kwenye kamba shingoni mwa Mwaitu Kamene.

"Hapana," alisema kabla hatujafungua mdomo. "Hayo ni ya maharagwe. Nikipika na maji ya kisima, maharagwe yatakaa jikoni mpaka Yesu arudi na bado yatakuwa mawe."

"Pampu mbili tu, Mwaitu," Mutheu alisema. "Kadi yangu ina wino mwekundu."

"Kwa kosa gani?"

"La huyu."

Mwaitu Kamene alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akiuma mdomo wa chini.

"Nitawapa pampu mbili. Lakini Jumatano shule ikila maharagwe magumu, nani atasimama bwaloni aseme kwa nini?"

"Mimi, Mwaitu."

"Utasimama juu ya benchi?"

"Nitasimama juu ya meza ukitaka."

Alivua kamba shingoni.

Tulinyunyizia alfajiri, kabla upepo haujaamka. Kipande cha sabuni nusu ya kiberiti kwa pampu nzima, kimeyeyushwa kwanza kwenye kikombe cha maji moto. Msizidishe. Nilizidisha kwenye mstari wa kwanza na maji yote yakateleza jani kama shuka, jani likawa limeoshwa tu, na kesho yake lilikuwa na alama za njano za kuungua. Mstari huo ulikuwa wangu. Nilianza na wangu makusudi.

Mstari wa pili ulikuwa wa Mutheu. Mwalimu Ndeti alikuja akiwa na kikombe cha chai. Nikapitisha fimbo juu, kisha chini ya majani, kwa sababu viwavi hawakai kwenye paa, wanakaa darini. Nikaacha. Tukainama wote watatu. Matone madogo yalifika, yakatandaa, yakashikana mikono, na jani likawa na ngozi moja nyembamba ya maji inayong'aa. Hakuna kilichobiringika. Mwalimu alipitisha kidole, akakitazama kikiwa kimelowa. Chai yake ilipoa mkononi.

"Lala hapo hapo," nililiambia jani.

Kesho yake tuliokota viwavi mchangani.

Jumatano nilisimama juu ya meza bwaloni. Maharagwe yalikuwa mawe kweli. Nilieleza kuhusu nta, matone na mwiba, na watu walinirushia maharagwe hayo hayo, na yalidunda kifuani kwangu kama matone ya nozeli mbovu. Nilisema hivyo pia. Wakarusha zaidi.

Mchana huo Mwalimu alituita stoo. Alichukua kalamu nyekundu, akakata maneno ya *uzembe* kwenye kadi ya Mutheu kwa mstari mmoja, akaandika pembeni: *Kosa la pampu.*

Mutheu alisema asante. Mimi nilisoma mara mbili.

"Mwalimu, pampu haikufanya kosa."

"Nimelikata, Kioko. Mambo yamekwisha."

"Mkaguzi ataona limekatwa, atauliza. Andika ni la nani."

"Nikiandika kwako, alama zako zitashuka. Unajua?"

"Najua."

"Na mstari wako tayari umeungua."

"Najua, Mwalimu. Andika."

Alifungua tena kalamu nyekundu. Kisha akatoa kadi yangu ukutani.

Mkaguzi alikuja. Alikuwa mtu mfupi mwenye viatu visafi, na alivivua kuingia vitaluni, kitu ambacho sikutegemea. Alifunua kabichi za Mutheu: majani ya nje yametobolewa, lakini ndani kichwa kigumu, cheupe, kizima. Akauliza yale ya nje yaliliwa na nani.

"Viwavi, Bwana Mkaguzi," Mutheu alijibu. "Na Kioko."

Akafika kwangu, akasoma kadi, akasoma tena, akanitazama. Akaniuliza kwa nini mwiba haufai. Nilimwonyesha kwa tone moja na bua la majani. Aliinama na viatu vyake mkononi, akatazama tone likiruka. Sijui aliandika nini. Majibu bado, na sitajifanya nayajua.

Sasa kazi ni yenu. Nozeli ya mama iko kwenye leso, kwenye msumari wa tatu stooni. Kwenye fimbo nimefunga mswaki wangu wenye upara. Nywele zimebaki chache, zitumieni kwa heshima. Kabla ya kuanza, kila siku, dondosheni tone moja kwenye jani. Likisimama, msianze, hata kama shule nzima inashangilia uwanjani. Likilala, anzeni.

Na kadi zetu bado ziko ukutani. Mtaona ya Mutheu ina mstari mmoja uliokatwa. Karibu nayo mtaona jina langu, na chini yake, kwa wino mwekundu: *Alichokoa nozeli kwa mwiba. Alisema mwenyewe.* Chekeni tu kwa hayo ya kwanza. Hayo ya mwisho nilimwomba Mwalimu asiyaandike, na alikataa.